Gari Kuukuu Lililo Nyumba: Namna ya Kulitunza na Kusafiri Nalo

Barabara iendayo Mutuati kutoka Maua kupitia Laare ni ya nchi ya vilima, kona na mvua nyingi, kwa maana milima ya Nyambene i karibu. Magari yaliyobeba miraa hupita huko kwa haraka, kwani miraa iliyokauka haina bei. Kwa sababu hiyo watu wa Laare wamezoea kuona motokaa ikifanyizwa kazi ngumu, ikiharibika, ikitengenezwa na fundi kando ya njia, kisha ikirudi barabarani. Lakini liko gari la namna nyingine ambalo masharti yake ni mengine kabisa. Hilo ni gari kuukuu ambalo mwenyewe amelitia kitanda, kabati na meko, akalifanya kuwa nyumba ya safari. Gari la miraa likikwama, mzigo huhamishwa ukatiwa katika gari jingine. Gari la kulala likikwama, mwenyewe amekwama pamoja na kitanda chake, chakula chake na watoto wake.

Tuseme mtu wa Laare amenunua Land Rover ya mwaka 1975, yenye bodi ndefu, akaitengeneza hivyo. Anakusudia kwenda na jamaa yake hata Marsabit, kwa njia ya Maua, Meru na Isiolo. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi na mawe; siku hizi lami inafika Marsabit na kuendelea mpaka Moyale. Hata hivyo, lami haiponyi gari bovu. Yafaa kueleza mambo ambayo mtu huyo hana budi kuyajua kabla ya kuondoka, na atakayoyafanya akiwa njiani.

ASILI YA MAGARI HAYA

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu katika mji wa Amsterdam, Uholanzi, mwezi wa Aprili mwaka 1948. Ilitengenezwa Solihull, Uingereza. Siku zile, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa haba, basi watengenezaji wakafanya bodi kwa bati la alumini, na fremu ya chini wakaifanya kwa chuma. Gari la ukoo ule liliendelea kutengenezwa huko, likibadilishwa kidogo kidogo, mpaka Januari 2016.

Wazo la kulala ndani ya gari halikukawia. Ujerumani, gari la Volkswagen lenye umbo la sanduku lilianza kutengenezwa mwaka 1950, na punde likatiwa vitanda na meza. Katika mji wa Folkestone, Uingereza, kampuni ya Martin Walter ilitengeneza magari yaliyoitwa Dormobile, ambayo paa lake huinuliwa upande mmoja kama kifuniko cha sanduku, ili watu wapate kusimama ndani na kutandika vitanda vya turubai juu. Katika miaka ya 1960 Land Rover nazo zilitengenezwa kwa mtindo huo.

Nchi ya Meru pia ina habari zake. George Adamson, aliyekuwa Bwana Nyama na kukaa Isiolo, alizoea kuishi kambini miezi mingi, na Land Rover ndiyo iliyombeba. Yeye na mkewe Joy walimlea simba jike aliyeitwa Elsa, kisha wakamrudisha porini. Elsa alikufa mwaka 1961, na kaburi lake liko kando ya mto Ura, katika Hifadhi ya Taifa ya Meru, ambayo iliwekwa rasmi mwaka 1966 katika nchi tambarare iliyo chini ya milima ya Nyambene.

UMRI WA GARI HAUHESABIWI KWA MAILI TU

Gari la zamani lina faida moja kubwa. Mashine yake haitawaliwi na vyombo vya elektroniki, kwa hiyo fundi mwenye spana, nyundo na akili njema aweza kulifungua na kulifunga chini ya mti. Lakini watu wengi hukosea wanapolinunua, kwa kuuliza tu limetembea maili ngapi. Gari lililokaa miaka kumi bila kutembea laweza kuwa na hatari kuliko lile litembealo kila siku. Mipira hukauka na kupasuka. Nyaya za umeme hupoteza ngozi. Mafuta ya breki hunywa unyevu. Na kutu haina siku ya mapumziko.

Katika Land Rover, kutu hutafutwa kwenye fremu. Bodi ya alumini yaweza kung'aa kama sufuria mpya huku fremu ya chuma chini yake imeoza. Tope la barabara huingia ndani ya fremu, likashika maji, na kutu ikala chuma kutoka ndani. Tena, mahali ambapo alumini inagusana na chuma penye unyevu, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Basi mwenye kununua na alale chini ya gari na nyundo ndogo, agonge fremu toka mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa. Hasa aangalie mahali springi zinapofungwa, kwa maana hapo pakikatika gurudumu halina tena wa kulishika.

UZITO NA MATAIRI

Kosa la kwanza la mtu anayejenga nyumba ndani ya gari ni kusahau mizani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 100, basi, ni kilo 100, sawa na watu wawili wembamba. Ongeza mbao za kabati, godoro, mtungi wa gesi, betri ya pili, sufuria na watu wenyewe, na gari litakuwa limejaa kabla ya kutiwa hata gunia moja. Uzito ukiwekwa juu ya paa, gari huyumba kwenye kona. Kanuni ni kwamba vitu vizito viwekwe chini na katikati, na vyepesi juu. Vitu vyote vifungwe, kwani sufuria isiyofungwa huwa jiwe siku ya kukanyaga breki kwa ghafula.

Tairi la gari lisilotembea sana huonekana jipya kwa sababu meno yake hayajaisha, kumbe mpira umezeeka. Umri wake umeandikwa ubavuni. Mwisho wa maandishi yaanzayo na herufi DOT huwa tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma la mwaka, mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Penye 2319, tairi hilo lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililopita miaka kumi lisiaminiwe kubeba watu, hata likiwa na meno yote. Wala lisisahauliwe tairi la akiba, maana mara nyingi ndilo zee kuliko yote.

MAJI NA JOTO

Vilima vya Meru hulipima rejeta. Mashine inayopanda kwa gia ya chini na mzigo mzito hutoa joto jingi, huku gari likienda polepole na upepo ukiwa haba. Watu wengi wajua kwamba maji huchemka kwa digrii 100. Lakini hiyo ni habari ya pwani. Kadiri nchi inavyoinuka, maji huchemka mapema. Mahali penye kimo cha meta 1,700 hivi, kama Nairobi, huchemka karibu na digrii 94. Ndiyo sababu kifuniko cha rejeta kikatiwa springi na mpira: hufungia maji kwa nguvu, yasichemke upesi. Mpira huo ukiharibika, maji yatachemka kila kilima, na mwenye gari atalaumu mashine nzima kwa kosa la kifuniko.

Kabla ya safari mipira ya maji ibinywe kwa vidole. Ulio mgumu kama mti, au laini kama ndizi mbivu, ubadilishwe. Mkanda wa feni utazamwe kama una nyufa, na mwingine uwekwe akiba. Rejeta itiwe maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, kwani maji matupu ya mtoni huacha chumvi na tope ndani. Gari likichemka njiani, lisimamishwe kando, mashine izimwe, na kifuniko kiachwe mpaka kipoe. Wengi wameungua uso na kifua kwa kukifungua kwa pupa. Wala maji baridi yasimiminwe katika mashine iliyo moto sana, yasije yakapasua chuma.

BREKI NDIZO ROHO

Kupanda kilima ni kazi ya mashine; kushuka ni kazi ya breki, na kushuka ndiko kunakoua. Tarehe 24 Julai mwaka 2022, basi la abiria lilitoka barabarani kwenye daraja la Nithi, katika njia ya Meru kwenda Nairobi, likaanguka bondeni, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha yao. Mahali pale pana mteremko mrefu na kona, na ajali nyingine zilikuwa zimetokea hapo kabla ya siku ile. Kila dereva wa nchi ya Meru na Embu anajua ya kwamba mabonde ya mito yake hayasamehe.

Dereva wa gari kuukuu ana sababu zaidi za kuogopa. Katika magari mengi ya zamani mfereji wa mafuta ya breki ni mmoja tu kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwisha. Tena breki zake ni za ngoma. Zikikanyagwa bila kuachwa katika mteremko mrefu, ngoma hupata moto, na vile vipande vinavyoibana hupoteza mshiko. Dereva hukanyaga kwa nguvu zote, na gari haliitiki. Jambo la tatu ni mafuta yenyewe. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Yakikaa miaka mingi huwa na maji ndani. Breki zikipata moto, maji hayo huchemka yakawa mvuke, na mvuke hubonyea, hausukumi kitu. Kwa hiyo mafuta hayo yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikutembea.

Mwendo wa kushuka una kanuni yake. Gia ipunguzwe kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake, na gari lishuke kwa gia ile ambayo lingepanda nayo. Hapo mashine yenyewe hulizuia gari, na breki hukanyagwa kwa vipindi, kisha huachwa zipoe. Desturi ya kutoa gia ili kuokoa petroli ni desturi ya kuuza roho kwa lita moja. Tena mwenye Land Rover ya zamani ajue kwamba breki yake ya mkono hushika mhimili uliotoka katika gia, wala haishiki magurudumu moja kwa moja. Ni ya kulishikilia gari lililokwisha simama. Ikivutwa gari likiwa katika mwendo yaweza kuharibu vyuma vya mhimili.

Mtu wa Laare aliyetajwa juu atashuka miteremko ya namna hiyo kabla hajafika Isiolo. Ni heri avijaribu vyombo vyake karibu na nyumbani, penye fundi wake, kuliko kujua ubovu wao akiwa bondeni.

PETROLI NA MASHINE

Tangu mwaka 2006 petroli yenye risasi haiuzwi tena katika Kenya, na jambo hilo limekuwa jema kwa afya, hasa ya watoto. Lakini mashine nyingi za zamani zilitengenezwa kwa petroli ile, na risasi ilikuwa kinga ya mahali vali zinapokaa. Pasipo kinga hiyo, chuma laini huliwa polepole, nafasi ya vali hupungua, na mwisho vali huungua. Dawa ipo: mashine ikifunguliwa, fundi aweka viti vya vali vya chuma kigumu. Kabla ya hapo, nafasi za vali zipimwe mara kwa mara, na gari lisikimbizwe sana. Mwenye gari la dizeli hana shida hii, lakini yampasa kuchuja maji katika mafuta na kubadilisha chujio kwa wakati.

Oili ya mashine itazamwe kila asubuhi gari likiwa baridi na mahali pa sawa. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Safari na isimame. Oili ya gia na ya mhimili wa nyuma husahauliwa na wengi, kumbe ikikauka huleta gharama kubwa.

HATARI ZILIZO NDANI YA NYUMBA

Usiku wa nyanda za juu za Meru, na kadhalika wa Marsabit, ni wa baridi. Mtu aliyechoka hushawishika kuingiza jiko la makaa ndani ya gari, afunge madirisha, alale. Hilo ni kosa la kufisha. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala huivuta, damu yake ikakosa hewa safi, naye haamki tena. Chumba kidogo kama gari hujaa sumu hiyo upesi. Jiko la makaa libaki nje siku zote, hata likionekana limezimika. Mashine nayo isiachwe ikinguruma watu wamelala, kwani moshi wa bomba bovu huingia kwa chini. Baridi iondolewe kwa mablanketi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni, ikakaa hapo ikingoja cheche. Kwa hiyo mtungi usimamishwe wima, ufungwe imara, na sanduku lake liwe na tundu chini la kutolea gesi nje ya gari. Mpira wake ujaribiwe kwa povu la sabuni, wala si kwa kiberiti. Gari likiwa katika mwendo, mtungi ufungwe.

Umeme nao una masharti. Taa na vyombo vya nyumba vitegemee betri ya pili, ili asubuhi betri ya mashine iwe na nguvu ya kuwasha gari. Kila waya utokao kwenye betri uwe na fyuzi karibu na betri yenyewe. Magari mengi ya kale hayakufa kwa ajali. Yaliteketea kwa waya mmoja uliochunika na kugusa chuma. Kizima moto kiwekwe karibu na mlango, mahali ambapo mkono utakifikia gizani.

NJIANI

Kabla ya kuondoka hati zote ziwe tayari: hati ya umiliki, bima, leseni ya dereva. Mtu aliyebadilisha umbo au kazi ya gari hana budi kuuliza kwa Halmashauri ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ili mabadiliko yaandikishwe. Bima ya gari lisilofanana na hati yake yaweza kukataliwa siku ya msiba.

Sanduku la vyombo lisiwe la fahari. Yatosha kuwa na spana za kipimo cha gari lenyewe, jeki na ubao wa kuikalisha juu ya tope, pampu na viraka, mkanda wa feni, mpira wa maji wa juu na wa chini, plagi, fyuzi, waya, mafuta ya breki, oili, tochi, kamba ya kuvutia, na pembe tatu mbili zinazong'aa za kuwaonya wengine gari likikwama. Magari ya Land Rover ya miaka hiyo hutumia nati za vipimo vya inchi, na spana za milimita huzila nati pembe zake.

Kutoka Isiolo hata Marsabit ni zaidi ya kilometa 250 za nchi kavu na joto, na vituo vya mafuta na mafundi ni vichache. Maji ya kunywa na maji ya rejeta yachukuliwe mbalimbali, wala moja lisile akiba ya jingine. Safari ianze alfajiri na kuisha kabla ya jua kutua. Ng'ombe na ngamia hawana taa, na lori lililokwama gizani mara nyingi halina pia.

Tena dereva asijidanganye kwamba miraa ni badala ya usingizi. Miraa huchelewesha usingizi, lakini uchovu haiuondoi. Macho hubaki wazi huku akili imepungua. Mwenye gari la kulala hana udhuru wowote katika jambo hili, maana kitanda chake kiko hatua mbili nyuma ya usukani.

Mahali pa kulala pachaguliwe mapema. Desturi njema ni kumtafuta mwenyeji, mzee wa mtaa, au hoteli yenye ua, na kuomba ruhusa. Anayejulikana na wenyeji hulindwa nao. Gari lisiegeshwe katika bonde la mto mkavu hata kama mbingu ni safi, kwani mvua iliyonyesha milimani huweza kuleta mafuriko usiku mahali ambapo halikudondoka tone.

Asubuhi, kabla ya chai, mwenye gari alizunguke mara moja: atazame oili, maji, matairi, nati za magurudumu, na kama kuna tone lolote chini. Kazi hiyo haichukui zaidi ya robo saa. Mzunguko huo ndio uliomwonyesha mtu mmoja bomba la breki linalolowa kabla ya mteremko, na mwingine nati mbili zilizolegea kabla ya gurudumu kung'oka. Wazee walisema ya kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Kwa mwenye gari kuukuu ufa huo huonekana asubuhi kama tone dogo la mafuta mchangani. Akiliziba, jioni atatandika kitanda chake Marsabit, na baada ya siku chache watoto wake wataisimulia safari yao Laare.